Reli ya San'in: Kilomita 673 Katika Upande wa Kivuli wa Japani

Mara nyingi reli za Japani zinapotajwa, jambo la kwanza kumjia mtu akilini ni Shinkansen, ile treni ya kasi iliyoanza kukimbia kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964. Makala ya leo yanaiacha Shinkansen kando na kuifuata reli nyingine kabisa: reli kongwe, ya mwendo wa polepole, ambayo kwa sehemu kubwa ina njia moja tu, na ambayo vituo vyake vingi havina hata mfanyakazi mmoja. Hiyo ni reli kuu ya San'in. Na katika kuifuata, msikilizaji atakutana na swali linaloisumbua Japani hivi sasa: je, thamani ya reli ipimwe kwa idadi ya abiria wake peke yake, au ipo mizani nyingine?

Reli ya San'in inaanzia Kyoto, mji mkuu wa kale, na inaishia katika kituo cha Hatabu, ndani ya mji wa Shimonoseki, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Honshu. Urefu wake ni kilomita 673.8. Miongoni mwa reli za kawaida za Japani, yaani zisizo za Shinkansen, hakuna nyingine yenye urefu kama huo usiokatika. Inapita katika mikoa mitano, ambayo ni Kyoto, Hyogo, Tottori, Shimane na Yamaguchi, na ina vituo zaidi ya 150. Upana wa njia yake ni milimita 1,067, kipimo kile kile kilichotumika kujenga reli ya TAZARA kati ya Tanzania na Zambia. Hata hivyo, pamoja na urefu wote huo, hakuna treni ya kila siku inayosafiri kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Anayetaka kuimaliza hana budi kuteremka na kupanda tena mara kadhaa.

Jina lenyewe lina maana. Kisiwa cha Honshu kimegawanywa na safu za milima. Upande wa kusini, unaotazama bahari ya ndani ya Seto, huitwa San'yo, yaani upande wa jua wa milima. Upande wa kaskazini, unaotazama Bahari ya Japani, huitwa San'in, yaani upande wa kivuli. Wakati wa baridi, pepo kutoka bara la Asia huvuka bahari na kuiangushia pwani hiyo mvua na theluji. Na kivuli hicho si cha jua tu. Upande wa San'yo una viwanda, miji mikubwa na Shinkansen, ambayo ilifika Hakata mwaka 1975. Upande wa San'in, mkoa wa Tottori una watu wachache kuliko mikoa yote ya Japani, na jirani yake Shimane ni wa pili kwa uchache. Mwaka 1973 serikali iliiweka Shinkansen ya San'in katika orodha ya reli zilizokusudiwa kujengwa. Zaidi ya nusu karne imepita, na hakuna hata kilomita moja iliyojengwa.

Kabla ya reli, kufika huko kulikuwa kazi kubwa. Mwandishi Lafcadio Hearn, aliyeajiriwa kufundisha Kiingereza katika mji wa Matsue mwaka 1890, alilazimika kuvuka milima kwa kigari cha kukokotwa na watu. Ndiyo sababu reli ya San'in haikujengwa kutoka upande mmoja. Upande wa Kyoto, kampuni ya watu binafsi ilifungua kipande cha kwanza mwaka 1897, na miaka miwili baadaye ikafika Sonobe. Upande wa pili, serikali ilianza na mahali ambapo vifaa viliweza kuteremshwa kutoka melini, yaani bandari ya Sakai, na mwaka 1902 treni ya kwanza ya San'in ikatembea baina ya bandari hiyo na mji wa Yonago. Kazi ikaendelea kwa vipande vipande, mwaka hadi mwaka, mpaka kipande cha mwisho, kati ya Susa na Utago katika mkoa wa Yamaguchi, kilipofunguliwa mwezi Februari mwaka 1933. Kwa hiyo, tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho ilipita miaka 36.

Sasa, msikilizaji, safari na ianze. Huko Kyoto reli hii haionekani kuwa na tatizo lolote. Treni za umeme hupishana kwenye njia mbili, zikiwa zimejaa wafanyakazi, wanafunzi na watalii. Njia hizo mbili zilikamilika hadi Sonobe mwaka 2010. Kituo cha Nijo kilikuwa na jengo zuri la mbao lililojengwa mwaka 1904 kwa mtindo wa majumba ya kale, na jengo hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli la Kyoto.

Mbele kidogo, reli huingia milimani kando ya mto Hozu. Mwaka 1989 mahandaki mapya yalinyoosha njia, na ile ya zamani, iliyokuwa ikijipinda pamoja na mto, ikaachwa. Wengi wangedhani kwamba huo ndio ulikuwa mwisho wake. Lakini mwaka 1991 kampuni ndogo ilianza kuendesha treni ya watalii katika njia hiyo iliyotupwa, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa vivutio vinavyojulikana sana vya Kyoto, hasa majira ya maua ya mcheri na majira ya majani mekundu. Hilo ni funzo la kwanza la safari hii: reli iliyohesabiwa kuwa imekufa inaweza kupata kazi nyingine.

Baada ya mji wa Toyooka, treni husimama Genbudo, kituo kidogo kando ya mto Maruyama. Ng'ambo ya mto kuna mapango ya mawe meusi yaliyopasuka kwa umbo la nguzo, mabaki ya volkano ya kale. Mwaka 1926 mwanasayansi Matuyama Motonori wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipima usumaku wa mawe hayo na kukuta umeelekea kinyume na dira ya leo. Kutokana na mawe hayo, na mengine aliyoyakusanya mahali pengi, alitoa hoja kwamba zamani ncha za sumaku za dunia zilikuwa zimegeuka. Leo kipindi hicho cha historia ya dunia kinaitwa kwa jina lake na wanajiolojia kote ulimwenguni. Abiria anayepita hapo bila kuteremka hupitwa na mojawapo ya mahali palipobadilisha elimu ya sayari hii.

Kituo kinachofuata ni Kinosaki Onsen, mji wa chemchemi za maji moto. Mwandishi Shiga Naoya alikwenda huko kupumzika mwaka 1913 baada ya kugongwa na treni mjini Tokyo, na hadithi fupi aliyoiandika juu ya siku hizo bado inasomwa sana nchini Japani. Hadi hapo waya za umeme zipo. Baada ya hapo zinakwisha, njia ni moja, na treni za dizeli, mara nyingi zenye behewa moja au mawili, ndizo zinazoendelea kuelekea magharibi.

Na hapo ndipo lilipo daraja la Amarube.

Amarube ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilichobanwa baina ya milima miwili na bahari. Wahandisi waliofika huko mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuweza kuipitisha reli chini bondeni. Wakaamua kuirusha juu ya kijiji. Chuma cha kujengea kilitoka Marekani kwa meli. Daraja lilikamilika mwaka 1912, likiwa na nguzo 11 za vyuma vilivyofungamanishwa, urefu wa mita 310 na kimo cha zaidi ya mita 41. Kwa daraja hilo, Kyoto na Izumo ziliunganishwa kwa reli kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa upepo wa chumvi hula chuma, walikuwepo mafundi waliokaa hapo mwaka mzima, kazi yao ikiwa kulitunza daraja hilo kwa rangi na nyundo.

Lakini treni zilizopita juu ya vichwa vya wanakijiji hazikuwasimamia. Daraja lilikuwa lao, kituo hakikuwa chao. Aliyetaka kusafiri alipanda mlima, akalivuka daraja lenyewe kwa miguu, akapita katika mahandaki manne yenye giza, mpaka kituo cha Yoroi. Watoto wa shule na wachuuzi wa samaki walipita njia hiyo hiyo, wakiwa macho wasije wakakutwa na treni njiani. Katika miaka ya 1950 wanafunzi wa shule ya msingi ya kijiji hicho walimwandikia barua gavana wa mkoa wa Hyogo kuomba kituo. Kibali kilipopatikana, wanakijiji hawakukaa kusubiri. Watu wazima na watoto walibeba mawe kutoka ufukweni na kuyapandisha mlimani kwa mikono na migongo yao, ili yatumike katika ujenzi. Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 16 Aprili mwaka 1959, miaka 47 baada ya treni ya kwanza kupita, kituo cha Amarube kilifunguliwa. Picha ya ukutani kituoni hapo inawaonyesha watu hao wakiwa wamebeba mawe yao.

Daraja hilo lilikuwa pia na siku yake ya msiba. Tarehe 28 Desemba mwaka 1986, mchana, upepo mkali wa baharini uliyapiga mabehewa saba ya treni iliyokuwa ikivuka bila abiria, ukayaangusha bondeni. Kichwa cha treni kilibaki juu darajani. Mabehewa yaliangukia kiwanda kilichokuwa kikitayarisha kaa wa baharini. Wanawake watano waliokuwa kazini humo na kondakta wa treni walipoteza maisha, na watu wengine sita walijeruhiwa. Tangu hapo kanuni ilibadilishwa: treni zikawa zinasimamishwa upepo unapofikia mita 20 kwa sekunde, badala ya 25. Usalama uliongezeka, lakini kila majira ya baridi treni zilikuwa zikichelewa au kufutwa mara kwa mara. Mwishowe iliamuliwa kujenga daraja jipya la zege lenye ukuta wa kukinga upepo, na likaanza kutumika tarehe 12 Agosti mwaka 2010. Nguzo tatu za daraja la zamani ziliachwa zisimame karibu na kituo, na mwaka 2013 zikafunguliwa kuwa jukwaa la kutazamia bahari. Mwaka 2017 ikaongezwa lifti ya vioo, kwa hiyo mzee wa kijiji hahitaji tena kuupanda mlima ule kwa miguu.

Kutoka hapo treni huingia Tottori, mji unaojulikana kwa matuta yake makubwa ya mchanga. Mbele zaidi kipo kituo cha Yura, katika mji mdogo wa Hokuei. Huko alizaliwa Aoyama Gosho, mchoraji wa hadithi za katuni za Conan, mpelelezi mtoto anayejulikana katika nchi nyingi. Mji umeweka sanamu za Conan barabarani, na kituo chenyewe kimepewa jina la utani la kituo cha Conan. Wageni huteremka katika mji ambao pengine wasingeujua kamwe.

Baada ya Yonago reli hupita ukingoni mwa ziwa Shinji, magharibi mwa Matsue, na kufika Izumo, penye hekalu kubwa la Izumo Taisha, miongoni mwa mahekalu ya kale kabisa ya dini ya Shinto. Kila asubuhi treni ya usiku yenye vitanda, Sunrise Izumo, huwasili hapo kutoka Tokyo baada ya mwendo wa saa 12 hivi. Zamani treni za namna hiyo zilikuwa nyingi nchini Japani. Leo hiyo na mwenzake Sunrise Seto, inayokwenda kisiwa cha Shikoku, ndizo pekee zinazofanya safari za kila siku.

Magharibi ya Izumo vijiji huzidi kutengana na bahari huzidi kukaribia. Katika kituo cha Gotsu lipo jambo la kumfanya abiria anyamaze kidogo. Hapo ilikuwa ikianzia reli ya Sanko, iliyofuata mto Gonokawa kwa kilomita 108 hadi mji wa Miyoshi. Ujenzi wake, uliokatizwa mara kadhaa, ulikamilika mwaka 1975. Wakati huo vijana walikuwa wameanza kuhamia mijini na magari ya binafsi yalikuwa yameenea. Tarehe 31 Machi mwaka 2018 treni ya mwisho ilipita. Kituo chake cha Uzui, kilichokuwa juu ya nguzo na kufikiwa kwa ngazi 116, kimebaki bila treni. Wakazi wa San'in walilitazama jambo hilo kwa makini, kwani mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Reli kuu yenyewe huendelea kupita Masuda, kisha Hagi, mji wa kale walikotoka viongozi kadhaa wa mageuzi ya Meiji, ambao jengo lake la kituo ni la mwaka 1925. Mvua kubwa za mwaka 2023 ziliharibu njia katika mkoa wa Yamaguchi na kuinamisha nguzo ya daraja la mto Awano, hata ikabidi mabasi yachukue nafasi ya treni. Hatimaye huja Hatabu, na treni huendelea kidogo kwa reli ya San'yo hadi Shimonoseki. Kivuli na jua hukutana hapo.

Sasa, msikilizaji, na lirudiwe swali la mwanzo. Mwaka 1987 shirika la reli la taifa, lililokuwa limelemewa na madeni ya takriban yen trilioni 37, lilivunjwa na kugawanywa katika makampuni. San'in ikaangukia mikononi mwa JR ya Magharibi. Hesabu ya kampuni hiyo kwa miaka mingi ilikuwa rahisi: faida ya Shinkansen na ya reli za Osaka na Kyoto ilifidia hasara ya vijijini. Janga la korona lilipowazuia watu kusafiri, faida hiyo iliporomoka. Mwezi Aprili mwaka 2022 kampuni ilitangaza hadharani mapato na matumizi ya sehemu 30 za reli zake zenye wastani wa abiria wasiofika 2,000 kwa siku kwa kila kilomita. Sehemu kadhaa za San'in zilikuwemo katika orodha hiyo, ikiwemo ile ya Kinosaki Onsen hadi Hamasaka, yaani ile ile yenye daraja la Amarube.

Hoja ya kampuni haifai kupuuzwa. Treni hushinda basi pale tu inapobeba watu wengi kwa pamoja. Behewa lenye abiria watano linahitaji njia ile ile, madaraja yale yale na mahandaki yale yale ya kutunzwa kama lenye abiria mia. Barabara kuu mpya zimejengwa sambamba na reli, na serikali yenyewe ndiyo inayozigharimia. Wakazi wanaodai reli ibaki, wengi wao huenda kazini kwa gari.

Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito. Barabara haidaiwi kuleta faida, kwa nini reli idaiwe? Mwanafunzi wa sekondari asiyeweza kupata leseni ya gari, na mzee aliyeirudisha yake kwa sababu ya umri, watafikaje shuleni na hospitalini? Tena reli ni mtandao. Ukikata kipande cha katikati, ncha mbili zilizobaki hazibaki kama zilivyokuwa, kwani mgeni wa Izumo na wa Kinosaki hawana tena njia ya kukutana. Sheria iliyoanza kutumika mwezi Oktoba mwaka 2023 inairuhusu serikali kuu kuitisha baraza ambamo kampuni, mikoa na miji huketi pamoja kuamua hatima ya reli ya namna hiyo. Baraza la kwanza liliundwa mwaka 2024 kwa ajili ya reli ya Geibi, katika milima ya kusini mwa San'in.

Takwimu za mwaka 2022 zinamhesabu abiria, na kumhesabu ni haki. Hazimhesabu mtoto aliyebeba jiwe mwaka 1959, wala haziwezi. Lakini jiwe hilo bado limo ndani ya msingi wa kituo, na watakaoketi katika mabaraza ya siku zijazo hawatakuwa wakizungumzia chuma na zege pekee. Watakuwa wakizungumzia ahadi: kwamba anayeishi upande wa kivuli naye ni raia wa nchi hiyo hiyo, na treni itamsimamia. Ahadi hiyo inaweza kutimizwa kwa reli, au pengine kwa basi. Linalotakiwa ni kwamba wale waliojenga kituo waulizwe kabla hakijafungwa.

Hadi hapo, wapenzi wasikilizaji, ndipo yanapofikia makala ya leo kuhusu reli kuu ya San'in na vituo vyake.